Saa ya Kupiga Fataki: Mhadhara kwa Wakazi wa Kiseke



Swali nililopewa ni hili: je, kata yetu ya Kiseke, hapa Mwanza, ijiwekee utaratibu wa lini mtu apige fataki na lini asipige? Nasema ndiyo, na nitaeleza kwa nini. Kabla ya hapo mnielewe jambo moja. Sikuja kuzilaani fataki. Mtu aliyehangaika mwaka mzima, akalipa ada, akauguza, akazika, akafika usiku wa tarehe 31 Desemba akiwa hai na watoto wake, ana haki ya kushangilia, na ana haki ya kushangilia kwa sauti. Ninachokuja kukitetea hapa ni saa.

Wazee wa Kisukuma waliomo humu wanaujua mwano, ule ukelele wa kuita msaada. Usiku ukipigwa mwano kijijini, hakuna aliyeuliza nani kapiga wala kwa nini. Kila mwanamume alitoka na alichonacho mkononi na kukimbilia ilikotoka sauti. Sungusungu walipoanza huku Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, walijengea juu ya desturi hiyo hiyo: sauti moja, maana moja, watu wote nje. Kwa hiyo aliyepiga mwano kwa mchezo alikuwa na kesi ya kujibu mbele ya wenzake. Kosa lake lilikuwa zito kuliko kuwaamsha watu bure. Aliifanya sauti ipoteze maana, na siku ambayo wezi wa ng'ombe wangekuja kweli, mtu angejigeuza kitandani na kusema, "Ni yule yule."

Hapo ndipo ninapoliona tatizo la fataki. Mlio mkubwa usiku ni taarifa, na anayeupokea analazimika kuutafsiri gizani, bila kuona chochote. Fataki ikilia saa nane usiku, katikati ya wiki, mwezi wa Agosti, jirani aliyelala afikiri nini? Bunduki? Transfoma imelipuka? Mtungi wa gesi kwa mama lishe? Fataki ile ile ikilia saa sita kamili usiku wa kuamkia Januari mosi, hata bibi asiyeona vizuri anajua mwaka umeingia, anamshukuru Mungu na kuendelea na usingizi wake. Baruti haikubadilika, wala kishindo hakikupungua. Kilichomtuliza bibi ni kuijua saa.

Watu wa Mwanza wana sababu zao za kutoudharau mlio wa ghafla kutoka angani. Mwishoni mwa Machi 1979, vita dhidi ya Idi Amin vikiendelea, ndege ya kivita ya Libya iliyokuja kumsaidia Amin ilirusha makombora juu ya mji huu, ikilenga ghala la mafuta. Ililikosa. Kombora likaangukia kisiwa cha Saanane, wakati huo hifadhi ndogo ya wanyama, likaua swala na ndege waliokuwa wakitunzwa pale. Saanane tangu mwaka 2013 ni Hifadhi ya Taifa, na wazazi wanapeleka watoto kutazama swala na pimbi juu ya miamba. Wapo wazee katika jiji hili ambao siku ile walikuwa vijana, na masikio yao hayajasahau.

Karibu zaidi na sisi kwa wakati kuna Mbagala, tarehe 29 Aprili 2009, na Gongo la Mboto, usiku wa tarehe 16 Februari 2011. Maghala ya silaha yalilipuka, mabomu yakaruka hadi kwenye makazi, na kila tukio liliondoka na roho za watu zaidi ya 20. Familia zilikimbia, watoto wakapotezana na mama zao. Watanzania wanahamahama kwa kazi. Aliyekuwa mtoto Gongo la Mboto usiku ule anaweza leo kuwa mwalimu wa mwanao, amepanga hapa Kiseke, na hajakueleza. Hana sababu ya kukueleza. Lakini fataki yako isiyo na saa inamrudisha kule bila idhini yake.

Sasa tukiangalie kitu chenyewe, maana wengi wanaonunua fataki wanaziweka fungu moja na mishumaa ya keki. Ndani ya ile karatasi ya rangi kuna baruti, mchanganyiko wa zamani ulioanzia China: sehemu 75 shura, 15 mkaa, 10 salfa, ndio uwiano uliozoeleka. Rangi zinatokana na madini. Strontiamu inatoa nyekundu, bariamu kijani, shaba buluu, na ule mweupe mkali ni magnesi au alumini. Hata kile kijiti cha cheche tunachompa mtoto ashike kinawaka kwa joto linalofika nyuzi 1,000 za Selsiasi, ilhali maji ya chai yanachemka kwa 100. Wanaoumizwa na fataki huumia zaidi mikononi, usoni na machoni, na jicho likishaharibika, hata madaktari wa hospitali ya Bugando hawana jingine la kuliweka mahali pake.

Kisha kuna sauti. Shirika la Afya Duniani limewahi kupendekeza kwamba mlio wa kishindo usizidi desibeli 140 kwenye sikio la mtu mzima na 120 kwa mtoto, na fataki kubwa ikipasukia karibu inaweza kuuvuka mpaka huo. Mahali petu panaongeza jambo jingine. Kiseke ni bonde na mwinuko, na mji mzima huu umekaa juu ya mawe. Sauti inasafiri kiasi cha mita 340 kwa sekunde, inagonga mwamba, inarudi, inagonga ukuta wa jirani, inarudi tena. Fataki moja iliyopigwa kwenye uwanda wa Shinyanga inasikika mara moja ikaisha. Hapa kwetu ile ile inazunguka. Mnaokaa mgongoni mwa kilima mmeshausikia mlio ukija kutoka upande ambao hakuna mtu.

Sheria zipo. Sheria ya Baruti, Sura ya 45, iliyotungwa mwaka 1963, inadai kibali kwa anayeingiza, anayehifadhi au anayeuza vilipuzi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezaa kanuni za mwaka 2015 kuhusu kelele na mitetemo, na kanuni hizo zinatofautisha mchana na usiku, eneo la makazi na eneo la viwanda. Kanuni ya Adhabu nayo inamwajibisha anayechezea moto au vilipuzi kwa uzembe. Na kila Desemba mnawasikia makamanda wa polisi wa mikoa wakitangaza: marufuku kuchoma matairi barabarani, marufuku kupiga fataki bila kibali.

Ninaliheshimu tangazo hilo, na sababu zake ninazielewa. Tairi linalochomwa katikati ya barabara ya Sabasaba hadi Buswelu linaharibu lami tuliyoisubiri miaka, na moshi wake ni sumu kwa mwenye pumu. Lakini kwa upande wa fataki, ndugu zangu, tangazo la siku mbili kabla ya sikukuu linakuja mzigo umeshanunuliwa. Kijana amezitoa mjini, ziko chini ya kitanda. Akiambiwa marufuku, hazirudishi dukani. Anakwenda kuzipigia nyuma ya ukuta, kwenye mtaro, gizani, haraka haraka, amezishika mkononi kwa sababu anaogopa kuonekana akizisimika chini. Marufuku imemwondoa pale mbele ya watu wazima, ambapo angalau baba yake mdogo angemwambia, "Simama mbali," na imempeleka mahali pa hatari zaidi. Na mwaka unaofuata anajua kwamba marufuku ilipita bila kumgusa. Hapo heshima ya kila tangazo jingine imepungua, hata lile la kipindupindu.

Tuangalie wenzetu. Zanzibar, usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari, maadhimisho ya Mapinduzi huambatana na fashfash, yaani fataki, na watu hukusanyika viwanja vya Maisara kuzitazama. Mahali panajulikana, saa inajulikana, wanaozirusha ni wenye kazi yao. Anayetaka kuona anakwenda. Mwenye mtoto mchanga au moyo mbovu anajua leo kuna nini, anafunga dirisha.

India walifika mbali zaidi. Mwaka 2015 kesi ilifunguliwa Mahakama ya Juu kwa jina la watoto wachanga watatu wa Delhi, baba zao wakiwasemea, kwamba moshi wa fataki unaharibu mapafu yao. Oktoba 2018 mahakama iliamua: sikukuu ya Diwali, fataki ni kuanzia saa mbili hadi saa nne usiku, Krismasi na mwaka mpya, kuanzia saa tano na dakika 55 hadi saa sita na nusu usiku. Nchi yenye watu zaidi ya bilioni moja, ambako fataki ni sehemu ya sikukuu, iliona inawezekana kutaja dakika. Uingereza kanuni zao za mwaka 2004 zinakataza fataki kuanzia saa tano usiku hadi saa moja asubuhi, isipokuwa siku chache zilizotajwa kwa jina, na hata hizo zina mwisho wake. Ujerumani imetaja mahali: karibu na hospitali, makanisa, makazi ya watoto na nyumba za wazee hairuhusiwi hata usiku wa mwaka mpya.

Lakini mfano ninaotaka tukae nao ni wa ng'ambo ya ziwa letu hili. Usiku wa kuamkia Januari mosi 2023, kwenye jengo la maduka la Freedom City, barabara ya Entebbe, jijini Kampala, kulikuwa na tamasha. Ilipotimu saa sita, mshereheshaji aliwahimiza watu watoke nje watazame fataki. Walitoka. Fataki zilipokwisha, watu wakasongamana kwenye njia na kukanyagana. Watu wasiopungua 9 walikufa, wakiwemo watoto. Hakuna fataki iliyomlipukia mtu. Saa ilijulikana, tena vizuri sana. Kilichoua ni njia. Ndiyo maana siji kuwaambia kwamba saa peke yake inatosha. Ukiita watu, umeshabeba dhamana ya wanavyoingia na wanavyotoka. Kumbi zetu za sherehe hapa Kiseke, zile zenye mlango mmoja wa mbele na wa nyuma umefungwa kwa kufuli ili watu wasiingie bila kadi, zijitazame.

Turudi kwenye saa: ni nani atakayeitaja kwetu? Hapa wengi wanachanganya. Kijiji, kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya Mamlaka za Wilaya, kinaweza kutunga sheria ndogo zake. Mtaa wa mjini hauna mamlaka hayo. Sheria ndogo yetu lazima itungwe na Halmashauri ya Manispaa ya Ilemela, iliyoanzishwa mwaka 2012 na yenye makao yake Buswelu, karibu kabisa na hapa. Rasimu inatangazwa kwa wananchi watoe maoni na mapingamizi, baraza la madiwani linaipitisha, inapita mkoani, inakwenda kwa waziri, na ikishachapishwa katika Gazeti la Serikali ndipo inakuwa sheria ya kumtoza mtu faini. Ni safari ndefu, na ninaipenda kwa urefu wake, kwa sababu hatua ya maoni ndiyo yenu. Katiba yetu inasema serikali za mitaa zipo ili madaraka yafike kwa wananchi. Hatua ya maoni ndiyo mlango wenyewe, na mara nyingi unafunguliwa na hakuna anayepita. Tangazo linabandikwa ofisini, linapigwa na jua hadi linapauka, halafu sheria ikifika tunalalamika hatukushirikishwa.

Rasimu ikiwa njiani, mkutano mkuu wa mtaa unaweza kufanya makubaliano. Hayatakuwa na jela wala faini. Yatakuwa na nguvu ile iliyozuia watu kupiga mwano ovyo.

Mimi ningependekeza hivi. Usiku wa mwaka mpya, fataki zianze saa sita kamili na ziishe saa sita na robo. Dakika 15 zinatosha. Mbwa anaweza kuzivumilia, mtoto mchanga anaweza kubembelezwa, mgonjwa anaweza kusubiri, kwa kuwa kila mmoja anajua mwisho upo na uko karibu. Krismasi sioni sababu ya fataki usiku wa manane, watu wako kanisani. Jioni ya tarehe 25, saa moja hadi saa mbili, itafaa. Idi ni ngumu kidogo, na lazima utaratibu wetu uiheshimu: mwezi hauandami kwa kalenda ya manispaa. Kwa hiyo tusitaje tarehe, tutaje siku ya Idi yenyewe, baada ya sala ya Isha hadi saa tatu na nusu usiku. Diwali ipewe saa ile ile. Wahindu wa Mwanza ni majirani wa miaka mingi na wana sikukuu yao kama sisi.

Harusi na send-off ndizo zitakazotuletea ugomvi, kwa sababu hazina msimu. Kila Jumamosi ni sherehe. Hapa msimamo wangu ni mkali. Zile cheche za ukumbini zisizo na kishindo, wanazozizungushia maharusi wakati wa kuingia, sina neno nazo ikiwa kuna mtu mzima na kizimia moto. Fataki za kuruka na kulia juu, kwa ajili ya harusi ya familia moja, saa tano usiku, katikati ya nyumba za watu 300 wasioalikwa, hapana. Anayezitaka aombe kibali, awape majirani taarifa wiki moja kabla, na zikome saa tatu usiku. Najua sherehe zetu zinachelewa. Bwana harusi anayetakiwa saa kumi na mbili anaingia saa tatu. Basi achague kati ya kuchelewa na fataki.

Kuna furaha zisizo na miadi. Timu imeshinda, mtoto amefaulu, mgombea wenu amepita. Vijana wataniuliza, "Pamba ikimfunga Simba pale Kirumba tukae kimya?" La, wanangu. Pigeni vuvuzela, ngoma, filimbi, imbeni mpaka Buswelu wasikie. Sauti ya watu inajitambulisha yenyewe. Hakuna anayesikia watu wakiimba akadhani anavamiwa.

Bado ziwa. Kiseke haiko ufukweni, lakini kinachorushwa juu huku kinaonekana kule. Kwa kanuni za kimataifa za usafiri wa majini, chombo kilicho hatarini kinajulisha kwa kurusha moto mwekundu angani. Ndiyo alama anayoitazamia nahodha na mlinzi wa bandari. Wavuvi wetu wa dagaa wanafanya kazi usiku wa giza, mwezi usipokuwepo, wakiwa na taa zao majini kutoka Igombe hadi visiwani. Mji huu ulizika watu wa meli ya MV Bukoba, iliyozama karibu na Mwanza asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996; mwaka 2018 ukaomboleza wa kivuko cha MV Nyerere pale Ukara. Sisi, kuliko mji wowote wa bara, hatupaswi kufika mahali ambapo mtu akiona nyota nyekundu juu ya maji saa tisa usiku anasema, "Kuna harusi." Ikiwa fataki za nchi kavu zina saa yake, basi nyekundu yoyote nje ya saa hiyo ina maana moja, na mtu atainua simu. Kwa wakazi wa mialoni niongeze: penye mitumbwi ya mbao, nyavu zilizoanikwa na madumu ya petroli ya injini, fataki isipigwe saa yoyote, siku yoyote. Na uwanja wetu wa ndege nao uko humu humu Ilemela. Roketi za kuruka juu zisirushwe kuelekea njia ya ndege.

Msimamizi wa haya awe nani? Mnaye mkaguzi wa polisi wa kata, mnayo kamati ya mtaa. Lakini ningependa kila mtaa uchague uwanja mmoja, wa shule kwa mfano, kwa ruhusa ya uongozi wake, ambapo fataki zote za mwaka mpya zitapigwa kwa pamoja. Watu wazima wawili wasiokunywa ndio wawashe, wengine wasimame nyuma ya kamba. Ndoo za maji na mchanga ziwepo, namba 114 ya Zimamoto iwe kwenye simu ya mtu anayejulikana, na njia ya kutokea iwe pana. Mlango wa geti ufunguliwe wote, si ule mdogo wa miguu.

Na asubuhi yake uwanja ufagiliwe. Hili naomba liandikwe kwenye muhtasari wa kikao kwa maneno yasiyopindishwa, maana ndilo tunalolisahau. Katika kila boksi kuna fataki iliyogoma. Aliyeiwasha amekwenda kulala, na watoto wanaamka mapema tarehe mosi, nguo mpya mwilini, wanaokota. Wanaipasua waone unga, au wanaiwasha tena. Iliyogoma isiguswe usiku ule, imwagiwe maji mengi pale pale ilipo, iachwe ilowane, halafu ikusanywe na mtu mzima kabla watoto hawajatoka nje. Wale wawili waliowasha ndio warudi kufagia, saa kumi na mbili asubuhi, na majina yao yabandikwe ofisi ya mtaa tangu Desemba.